Wa Sita Hayupo

Saa tatu usiku, Debrecen. Theluji imeziba dirisha la maabara,
nami nina neli ishirini na damu ya kondoo.
Kondoo mwenyewe yuko Hortobágy, nyikani,
pembe zake zimesokotwa kama parafujo,
hajui kwamba wiki nzima anachunga watu.

Chembe zake nyekundu nazivika kingamwili,
naongeza matone ya seramu ya mgonjwa,
nazizamisha kwenye maji yenye joto la mwili, nangoja.
Seramu ikiwa nzima, chembe hupasuka,
neli hung'aa nyekundu, unaweza kusoma gazeti upande wa pili.
Ikiwa na kasoro, chembe hutuama chini
kama kifungo cha shati kilichodondokea kisimani.

Neli ya kumi na moja ina kifungo.

Narudia. Labda barafu iliyeyuka njiani,
maana protini hizi saidizi hufa upesi:
zipashe moto nusu saa, zimekwisha,
kingamwili zikibaki zimekodoa macho.
Narudia kwa sampuli mpya,
nikimlaumu dereva, friji, mkono wangu.
Kifungo. Kifungo.

Lebo inasema: Bendegúz, miaka kumi na minne,
homa ya uti wa mgongo, mara ya tatu.

Bendegúz, sijakuona na huenda nisikuone,
lakini najua usiku ule ulivyokwenda ndani yako.
Bakteria waliingia wawili wawili,
kama maharagwe yaliyolaliana tumbo kwa tumbo.
Kingamwili zako ziliwaona; sizilaumu.
Ziliwashika kwa mikono miwili, zikaacha mkia nje,
na mkia ndio wito. Kingamwili peke yake haiui:
ni mtu aliyemkwida mwizi, anapiga yowe.

Akafika wa kwanza, mwenye vichwa sita kama shada la tulipu,
akagusa mikia, akaamka.
Akamkata wa nne. Wa nne akamshika wa pili.
(Usinicheke: walipewa namba kabla foleni yao haijajulikana,
ndiyo maana huhesabiwa kilevi, moja, nne, mbili, tatu.)
Wa tatu, aliye mwingi kuliko wote,
akamwagika juu ya adui kama unga.
Wa tano akapasuliwa: kipande kikakimbia kuita askari,
kipande kikabaki kumngoja mwenzake.

Kikangoja.

Wa saba alikuwepo. Wa nane, wa tisa walikuwepo,
wale wanaosimama duara na kutoboa utando
hadi maji yaingie na adui apasuke.
Walisimama kama mafundi waliokuja na mabati
wakakuta nyumba haina nguzo.

Basi nani aliyekurudisha mara mbili?
Dawa, ndiyo. Daktari aliyekimbia, ndiyo.
Lakini pia zile seli kubwa, lafi, zisizo haraka,
zilizojaa vipokezi mwili mzima,
kila kipokezi kiganja kilichochongwa kwa kipimo cha mkia ule.
Kikishika mkia mmoja, seli haishtuki.
Vikishika mingi pamoja, ndipo humeza.
Kidole kimoja chawa hakivunji, hata seli yajua.
Zikala zilivyoweza. Ila maharagwe haya
hayaogopi sana kuliwa; yanaogopa kutobolewa.

Saa sita nampigia daktari Szilárd, alalaye na simu kifuani.
Namwambia: wa sita hayupo.
Anakohoa. "Chanjo, basi. Na kadi aitembeze mfukoni.
Na dada yake apimwe."
"Ana dada?"
"Boróka. Miaka saba. Damu yake inakuja asubuhi."

Imekuja juu ya barafu, nimeikagua barafu mwenyewe.
Sasa neli yake iko majini. Naosha vikombe visivyo vichafu.
Nusu saa. Naitoa, naifuta jasho,
naiinua mbele ya gazeti la jana:
tangazo la trekta kuukuu, bei maelewano,
jekundu, kila herufi.